Majina Yaliyoachwa Nje ya Mlango

Mwanangu Raheli,

Barua za watu huanza kwa "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Hii haiwezi kuanza hivyo, maana uko chumba cha pili na hivi sasa nakusikia unakoroma kama baba yako. Lakini kesho lori la pamba litakuchukua mpaka Kagongwa, na kutoka hapo utatafuta la kukufikisha Nyahanga. Nami najijua. Mbele ya watu nitazungumza habari za kuku na blanketi, na lile ninalotaka kusema litabaki kooni. Ndiyo maana nimewasha koroboi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako la bati, chini ya kanga mpya utakayovaa kesho, uisome kabla lori halijafika.

Sitakuambia namna ya kupika wala kufua. Kama hukujifunza miaka yote hii, karatasi haitakufundisha. Nataka kukueleza kwa nini niliinuka ghafla juzi.

Ulikuwa umekaa jikoni unanieleza utakavyopanga mafundisho ya watoto huko usharikani: wadogo peke yao na picha zao, wakubwa na mistari ya kukariri, nyimbo kabla ya hadithi ili wachoke kurukaruka, na igizo wakati wa Krismasi. Nilikusikiliza nikijivuna kimoyomoyo, nikasema kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndipo ukasema, "Na majina, Mama, nitatumia ya ubatizo tu. Ya nyumbani wayaache nyumbani." Nikainuka, nikasema mwewe yuko kwenye vifaranga. Hakukuwa na mwewe yeyote.

Wakati huo ninaotaka kukuhadithia ulikuwa mdogo, umeng'oka meno ya mbele. Vita ilikuwa imekwisha, wanaume waliopelekwa Burma wamerudi, na mgodi ulikuwa unaajiri. Kambi ilijaa watu wa kila upande: Wasukuma wenzetu, Wasumbwa, Wazinza, watu wa Tabora na wa pwani waliokuwa na msikiti wao na kutuamkia vizuri tukienda kanisani. Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi na paa la nyasi, karibu na mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Mtambo ule unaujua. Wiki nzima ulipiga du, du, du, hata vikombe vikatembea mezani. Jumapili ulinyamaza. Wageni walikifurahia kimya kile, lakini sisi tuliokaa pale muda mrefu hatukukipenda. Masikio yakishazoea kupigwa, siku yakiachwa huanza kutafuta kitu kingine cha kusikia.

Watoto walikuwa wakisumbua ibadani, basi mchungaji akaita wazee wa kanisa, na mimi nikaitwa kwa sababu nilisoma shule ya misheni na nilikuwa na sauti ya kufukuza ndege shambani. Aliyezungumza zaidi ni Mzee Danieli. Unamkumbuka, mtu mwema mwenye ulimi mkali kuliko moyo wake.

"Mama Raheli, hawa watoto tunawapoteza," alisema. "Ukiita Masanja, wanasimama wengi. Ukiita Kulwa, nusu ya kanisa inaitika. Na majina yenyewe ni ya mizimu. Mtoto anaingia nyumba ya Mungu amembeba babu yake mgongoni."

"Babu hana uzito, Mzee," baba yako akamtania.

"Ana uzito, Baba Raheli. Muulize mkeo, nyumbani kwenu nani anamwamkia nani?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini lilinichoma. Unajua desturi yetu. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee huuliza ni nani katika waliotangulia anayetaka kukumbukwa, na akipewa jina la huyo hutulia. Wewe ulilia tangu kuzaliwa mpaka bibi yako, mama yake baba yako, alipokuita Minza, jina la mama yake mzazi. Ukanyamaza palepale. Tangu siku ile bibi hakukuita mjukuu. Alikuita Mayu, yaani mama, na kila asubuhi alipiga goti akakuamkia shikamoo, nawe kidole kiko mdomoni ukamjibu marahaba. Watu waliona ni mapenzi matupu. Mimi nilikuwa na wivu. Nimekuzaa mimi, halafu ndani ya nyumba yangu unakuwa mama wa mama mkwe wangu!

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kupanga mafundisho, nilianza na majina. Nikaja na akili yangu ya shule: mtoto mdogo haelewi neno tupu, mpe kitu cha kushika. Nikawaambia kila mmoja aokote jiwe dogo kwenye kifusi cha mgodi, alishike, alitajie jina lake la nyumbani, kisha aliweke chini ya ukingo wa paa, kando ya mlango. "Jina likae hapa likusubiri," nikasema. "Wewe ingia na jina la ubatizo." Wakitoka, kila mmoja akachukua jiwe lake na kwenda zake.

Watoto waliupenda mchezo ule. Waliingia kwa mstari, wakaitika Yohana, Marta, Elizabeti, na wimbo ukapanda mpaka wakubwa wakawa wanachungulia madirishani. Mchungaji akanisifu mbele ya watu wote. Sifa ni tamu, mwanangu, na mtu akishailamba huogopa kunyang'anywa.

Ndipo Mzee Danieli akanivuta kando. "Nimeona wakitoka wanayachukua tena. Mtu akivua nguo chafu mlangoni, akitoka huivaa?"

Jumapili iliyofuata nikawaambia watoto wayaache mawe palepale wakienda nyumbani.

"Yakae mpaka lini, Mwalimu?" wakauliza.

"Yakae tu."

Siku hiyohiyo bibi yako alikuja kukuchukua. Akayaona yamepangwa ukutani, akavua viatu, akaketi vumbini na kunyoosha miguu.

"Nani amewajengea hawa?" akaniuliza.

"Akina nani, mama?"

"Wazee hawa. Umewaita kwa majina, umewakalisha mlangoni, halafu huwapi chakula?"

Nikamwambia lile ni somo la watoto.

"Kwao si somo," akasema, akakushika mkono mkaondoka.

Nilisimama pale nikiyatazama mawe. Nilizaliwa katika boma lenye mawe kama yale uani, mahali ambapo babu yangu alikuwa akimwaga unga na maji akiwataja waliokufa. Nimeyaruka utoto wangu wote nikienda kukamua ng'ombe. Na bado niliyapanga kwa mikono yangu mlangoni mwa kanisa nisitambue ninachojenga. Mgeni angeweza kusamehewa. Hata hivyo sikuyaondoa, maana ningemjibu nini Mzee Danieli?

Katikati ya wiki nikakuta unga wa mtama juu ya mawe, umekandikwa kwa maji. Nikafagia. Nikaukuta tena. Nilimshuku bibi yako, lakini goti lilikuwa limemvimba na hakutoka nje. Nikasema basi ni bibi mwingine, kambini mabibi hawakosekani. Nikaendelea kufagia, na kila nikifagia nilijikuta nawaambia samahani.

Jumapili moja, jua la utosi, nilikuwa nafundisha habari za Samweli, yule mtoto aliyeitwa na sauti akadhani ni mzee Eli. Usidhani nimeichagua hadithi hiyo sasa kwa utamu wa barua, ndilo lilikuwa somo la siku. Mlango ulikuwa wazi. Mtambo ulikuwa kimya. Nikasikia mtu akisema nje, "Mwadila," ile salamu yetu ya mchana. Nikaitikia "Mwadila" bila kugeuka, nikidhani ni mama fulani aliyechelewa. Nilipogeuka, palikuwa na mwanga mweupe tu.

Kisha majina yakaanza kuitwa. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu mzima sana, anayeita watu wake waje kula na hana haraka. "Masanja. Kulwa. Holo." Sikuweza kujua kama ni ya mwanamume au mwanamke. Watoto wakainuka mmojammoja, hawacheki, hawaogopi, wakatoka nje. Nikachukua fimbo nikawafuata, maana nilikwisha kuamua kwamba ni utundu.

Niliwakuta wameketi chini, kila mmoja kando ya jiwe lake, wanaamkiana. Walikuwa wanaitana guku, kama watu wanavyomwita babu, na wanapeana mikono taratibu kwa adabu ya wazee. Holo, ambaye hata kujifunga kanga alikuwa hajui, alimwuliza mwenzake juu ya ng'ombe waliovushwa mtoni.

"Yule mwenye baka jeusi alipatikana?"

"Hakupatikana," mwenzake akajibu, akitikisa kichwa. "Tulimwacha majini."

Walisema Kisukuma cha ndani, chenye maneno niliyoyasikia kwa babu yangu tu. Nikaishusha fimbo. Nikasimama kizingitini.

Ndipo likaitwa jina la mwisho. "Minza."

Sauti ilikuwa karibu sana nami. Nikageuka ndani. Ulikuwa umebaki peke yako kwenye benchi, umekaa wima, unanitazama.

"Mama, naitwa."

"Kaa."

"Lakini naitwa."

"Huyo si wewe," nikakuambia. "Wewe ni Raheli. Minza hayupo. Hana kwake hapa."

Ukakaa. Ulikuwa mtoto msikivu siku zote, na tangu siku ile utiifu wa watoto unanitia hofu. Nje wenzako wakanyanyuka, wakajikung'uta vumbi, wakaniuliza, "Mwalimu, tumemaliza?" Wakaokota mawe yao bila kuambiwa, wakakimbia kwenda kula. Hawakupatwa na neno lolote, hata mafua. Waliitwa, wakaenda, yakaisha. Ni wewe tu ambaye hukwenda, kwa sababu nilikuzuia.

Asubuhi iliyofuata bibi alikuamkia kama kawaida. "Shikamoo, Mayu." Ukageuka nyuma kuangalia anayeamkiwa ni nani. Nikakuita, "Raheli!" Ukageuka nyuma vilevile. Baba yako akadhani unatutania, akacheka. Jioni hakuna aliyecheka.

Ikawa hivyo siku zote. Ulikula, uliteka maji, ulikunja mkeka wako, lakini jina lolote likitajwa ulitazama nyuma yako, ukaona hakuna mtu, ukaendelea na kazi. Katika zahanati ya mgodi walikupima masikio wakasema ni mazima. Nyayo zako zikaacha kusikika. Nilikuwa nikiinua kichwa nakukuta umesimama mlangoni, na sijui umefika lini. Mbuzi walipita pale uliposimama kana kwamba pako wazi, wewe ndiye uliyesogea.

Nilimwendea bibi yako, na haikuwa rahisi kwangu kumwendea.

"Mimi nimemwita, hanisikii," akasema. "Aliyemfungia mlango ndiye atakayemfungulia."

Nikakataa. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa watoto wa kanisa, nikionekana napiga goti mbele ya mawe nitatengwa. Akaendelea kuchambua mchicha. Ukweli ni kwamba niliogopa watu kuliko nilivyokuogopea wewe. Nimezaa watoto, nimezika wengine, lakini hakuna linaloniuma kama hilo.

Siku iliyonivunja ilikuwa siku ya kazi, mchana, hapahapa nyumbani. Nilipika, nikapakua, tukala, nikakusanya vyombo. Nilipoinama kuchukua sufuria nikakuona. Ulikuwa umeketi mahali pako pa siku zote, mikono umeshanawa, unasubiri. Sikukupa chakula. Hukuwa umenikosea, mwanangu. Nilikuwa nimekusahau. Mimi mama yako nilipanga sahani za nyumba nzima na wewe hukunijia akilini.

Nikaacha vyombo vilevile, nikakushika mkono tukaenda kanisani. Mtambo ulikuwa unapiga, nikashukuru, maana hakuna ambaye angenisikia. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje, na ndani hamkuwa na mtu. Kando ya mlango lilibaki jiwe moja tu. Nikaketi vumbini, nikanyoosha miguu kama bibi yako alivyofanya.

Nikaita, "Raheli." Du, du, du. Ukatazama nyuma.

Nikaita, "Minza." Ukatazama nyuma.

Nikatambua ninaita kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Basi nikapiga goti, mimi mwenye wivu, nikasema, "Shikamoo, Mayu Minza. Nilikufungia mlango. Nimekosa. Nyumba ni yako, njoo ule."

Mtambo ukasimama. Jioni watu walisema mkanda wa mashine ulikatika, na ninaamini kweli ulikatika. Lakini ulikatika wakati ule. Katika kimya kile nikasikia kando yangu sauti yako ikisema, "Abee."

Ndipo, baada ya muda wa mtu kuvuta pumzi, ndani ya kanisa lililofungwa, sauti nyingine ikasema, "Abee." Ilikuwa ya mtu mzima, na ilikuwa imechoka.

Sikugeuka. Niliokota jiwe, nikalitia katika kiganja chako, nikakushika kwa nguvu tukaondoka. Njiani ukaniuliza kama ugali umebaki. Nililia mpaka nyumbani, ukawa unaniambia, "Mama, nyamaza, watu wanakuona." Nikajua umerudi.

Baba yako husema sauti ile ya ndani ilikuwa mwangwi. Yeye ni seremala, anazijua kuta na paa kuliko mimi, na mimi humwitikia ili tulale kwa amani. Lakini mwangwi hausubiri kupumua kwanza. Na kwa miaka yote hii, nikikutazama unapanga vyombo au unasuka nywele, limenijia swali ambalo sijamwambia mtu: walioitika walikuwa wawili, na mimi nilimshika mkono mmoja tu. Nakupenda yeyote uliye. Hilo nataka ulijue kabla hujafika popote.

Wazee wa kanisa niliwaeleza habari ya sauti iliyowaita watoto, sikueleza ya goti. Nilisema kuanzia sasa kila mtoto ataitwa kwa majina yake yote mawili, na hakuna jiwe litakalobaki nje. Nilimtazama Mzee Danieli nikingoja mvua ya maneno. Akauliza taratibu, "Katika hao walioitwa, hukusikia Luhende?" Nikasema sikusikia. "Ndilo jina langu la nyumbani," akasema. "Tangu mama yangu afe hakuna aliyeniita hivyo." Hakunipinga tena mpaka mwisho wa kazi yangu.

Sasa Nyahanga watakupa watoto wao. Mpango wako ni mzuri kuliko wangu, hasa lile igizo, na usiwaruhusu wazee walifupishe. Sikuambii kwamba mizimu ipo, wala kwamba haipo. Namwomba Mungu yuleyule unayemwomba wewe, na sijapata kumsikia akimkataza mtoto kuingia na jina lake. Nakuomba tu, mtoto akija kwako na mtu mgongoni, usimwambie amtue mlangoni. Na akisema "Mwalimu, naitwa," usimwambie akae mpaka umemwuliza anaitwa na nani.

Tangu bibi yako afariki hakuna aliyekuita Minza. Umedhani ni kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Sivyo. Mimi sijathubutu. Kila nikitaka kulitaja, nakumbuka kanisa lile lililofungwa, nabaki na Raheli peke yake, jina ninaloliamini. Hata siku uliponiuliza nakumbuka nini juu ya utoto wako, na mwenyewe ukasema kwamba wewe unakumbuka njaa ya siku moja tu, nilikimbilia kuchochea moto.

Lakini siwezi kukuacha uende Nyahanga na nusu ya jina, nusu nyingine ibaki hapa inazunguka uani kwangu. Jiwe lako nimelifunga katika kitambaa, liko pembeni mwa sanduku. Kesho, lori likishawashwa na watu wakiwa wanapunga mikono, nitasimama karibu na gurudumu nikuite kwa majina yako yote mawili, kwa sauti yangu ya kufukuza ndege. Usiwaonee haya wasichana wenzako. Usitazame nyuma.

Itika, mwanangu. Itika upesi, kabla hajaitika mwingine.

Mama yako